Tunataka kuwaenzi waliosoma shule yetu ya sekondari huku Rungwe, je tunawachaguaje? Grupu limegawanyika

Mwaisa_wa_Kiwira

Habari za jioni wakuu, ugonile kwa wa nyumbani. Naomba ushauri hasa kwa nyie mliosoma shule za huku Nyanda za Juu Kusini na mmeshawahi kufanya kitu cha namna hii.

Sisi tuliosoma shule moja ya serikali hapa Rungwe (jina naliacha kwanza mpaka mambo yakae sawa) tuna grupu la WhatsApp la siku nyingi, lilianza kwa ajili ya misiba na harusi kama magrupu mengi, sasa mwaka huu likaja wazo kwamba tuwe na siku ya kuwaenzi waliopita pale wakafanya vizuri kwenye kazi zao na wakaisaidia jamii. Hedimasta kalipokea vizuri sana, katupa jumamosi moja na bwalo na wanafunzi wote watakuwepo. Mimi nimo kwenye kamati.

Shida imeanza kwenye majina. Listi ya kwanza iliyokuja wote ni watu wa vyeo, kuna mkurugenzi, kuna afisa wa jeshi, kuna wakili, kuna mtu wa benki Dar. Hao sina neno nao kabisa, wengine nimesoma nao nawajua walivyosota, tulikuwa tunasoma prepu kwa karabai umeme ukikatika. Lakini kuna dada mmoja alimaliza fomu foo pale akaenda kusomea uuguzi na ukunga, mpaka leo yupo zahanati ya kijijini kule juu upande wa mlima, amekataa uhamisho wa mjini zaidi ya mara moja, na nyie mnajua mwezi wa nne huku mvua inavyopiga, barabara inateleza hata bodaboda hapandi, mama akishikwa uchungu usiku anabebwa kwa machela mpaka kwake. Nilipotaja jina lake mtu mmoja akaandika "huyo atawaonesha nini wanafunzi?" na watu wakaweka vidole gumba. Iliniuma sana aisee, maana mtoto wa dada yangu kapokelewa na mikono yake.

Sasa naomba kujua wenzetu mnatumia vigezo gani, nani anapendekeza na nani anaamua, alafu je ni sawa kuchangisha hela ya shule siku hiyohiyo? Kuna wanaosema tukishawaita wakubwa tusiwaache waondoke hivihivi. Nawasilisha.

Mnyalukolo_Halisi

Kamwene mkuu. Mimi ni wa Iringa, nimesoma Lugalo. Nikuambie kitu kimoja, wale wenye majina makubwa historia imeshawaandika hata msipowaita. Hayati Magufuli alisoma advansi Mkwawa 1979 mpaka 1981, alafu akasomea ualimu hapohapo Mkwawa, hilo kila mtu Iringa analijua. Dkt. Tulia Ackson kasoma Loleza pale Mbeya mjini kabla ya kwenda Zanaki, na 2023 akachaguliwa kuwa rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, ni fahari kwa msichana yeyote anayevaa sare ya Loleza leo na wala sipingi kuwataja. Waandikeni ukutani, wasomeni kwenye paredi.

Ila siku ya kuenzi ina kazi nyingine. Mwanafunzi wa fomu tuu aliyekaa pale bwaloni anatakiwa aone mtu ambaye anaweza kumfuata baada ya hafla akamuuliza ulifanyaje. Mkubwa anakuja na msafara, anahutubia, anapiga picha, saa nane yuko barabarani anarudi Dodoma. Huyo nesi wako atabaki mpaka jioni na wasichana wamemzunguka, hilo naweza kukuhakikishia.

Alafu fanyeni haraka. Angalia Mkwawa yenyewe, kabla haijataifishwa ilikuwa St Michael's and St George's ya watoto wa wazungu, ikaja ikawa Mkwawa High School, tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waliosoma pale wakiwa fomu faivi leo wakienda wanakuta chuo, hakuna bweni lao wala hedimasta wao. Nyie shule yenu bado ni shule, mna bahati hiyo, itumieni.

Binti_Makete

Mleta mada usikate tamaa, huyo aliyeuliza "atawaonesha nini" mjibu kwa hii habari.

Nilikuwa nafundisha shule moja upande wa Njombe, tukafanya siku kama hiyo. Kulikuwa na wageni wazuri tu, mmoja daktari na mwingine mhandisi wa barabara, wakaongea vizuri. Wa mwisho alikuwa baba mmoja alisoma pale miaka ya themanini, anazalisha mbegu za viazi mviringo, wakulima wa vijiji vya jirani wanachukua mbegu kwake na wasio na hela anawakopesha wanalipa wakivuna. Kamati ilimweka mwisho kwa sababu walidhani muda ukiisha akatwe.

Akasimama na mfuko wa plastiki. Akatoa shina la kiazi lililonyauka akalikata chini kwa kisu, akaomba glasi ya maji pale meza kuu, akalining'iniza lile shina ndani ya maji akawaambia watoto nyamazeni muangalie. Haikuchukua muda ukaanza kushuka uzi mweupe kama maziwa kutoka kwenye shina kwenda chini ya glasi. Bwalo zima likasimama, waliokuwa nyuma wakapanda juu ya mabenchi. Akasema huo ndio mnyauko bakteria, ndio unaowafilisi wazazi wenu, na nyie mnaambiwa kila siku ni kukosa mvua. Akapasua na kiazi, akakiminya, ule utelezi ukatoka kwenye duara la ndani. Akaeleza kwa nini usipande viazi shamba lilelile kila msimu, kwa nini mahindi yaingie katikati, kwa nini mbegu iliyotoka shamba lenye ugonjwa usiichukue hata ukipewa bure. Akamaliza akalifunga lile shina vizuri akasema linaenda kuchomwa moto wala lisitupwe bustani ya shule.

Yule mwalimu wa baiolojia aliniambia hajawahi kupata kipindi cha namna ile. Na wapo watoto waliokwenda kufanya jaribio lilelile nyumbani kwao wakawaonesha baba zao. Kwa hiyo hicho ndicho cha kuonesha. Kila anayeenziwa mwambieni aje na kazi yake mkononi, hotuba iwe fupi.

Mwaisa_wa_Kiwira

Binti Makete ndaga fijo (asante sana), hii naipeleka kwenye grupu kama ilivyo. Hata mkunga anaweza kuja na ile paipu fupi ya kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, wasichana wakaishika.

mwl_mstaafu

Vijana hamjambo. Nimefundisha shule za sekondari Mbeya na Iringa mpaka nilipostaafu, naomba niseme yangu.

Kwanza anzeni na daftari la uandikishaji. Msitegemee kumbukumbu za kwenye simu. Kila shule ina yale madaftari makubwa, jina la mwanafunzi, namba yake, kijiji, jina la mzazi, siku aliyoingia na siku aliyotoka na sababu. Ombeni ruhusa kwa mkuu wa shule mkae ofisini mnakili, na mvae subira kwa sababu mengine yameliwa na mende na kurasa zimeshikana kwa unyevu, huko Tukuyu ndio usiseme. Mtashangaa majina mtakayokutana nayo ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeyakumbuka. Wa zamani sana msiwadai cheti cha NECTA (Baraza la Mitihani la Taifa), NECTA imeanza 1973, waliotangulia vyeti vyao ni vya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki au vya Cambridge. Shule kama Malangali ilifunguliwa 1928, huko kuna vizazi na vizazi, bila daftari hampati kitu.

Pili, na hili ndilo lililonifanya niandike. Kwenye ile safu ya sababu ya kutoka mtakuta wasichana wameandikiwa "mimba". Wengi. Miaka ile ilikuwa ukipata mimba umekwisha, unafunga sanduku siku hiyohiyo. Mimi nimewaona wakitoka getini na sanduku kichwani. Ni mwaka 2021, mwezi wa 11, ndipo serikali ilipotangaza kwamba wanaojifungua waruhusiwe kurudi kwenye mfumo rasmi. Hao wa zamani hawakupata nafasi hiyo. Lakini wapo waliosimama. Namjua mmoja anashona sare za shule, kasomesha watoto wake wote na amewafundisha cherehani wasichana wengi walioishia njiani kama yeye, hawalipi kitu. Je huyo ni wa shule au sio wa shule? Kwangu mimi aliyeandikwa kwenye daftari ni mtoto wa shule. Kigezo chenu kikisema "aliyehitimu" mtamfungia nje mara ya pili. Andikeni "aliyesoma".

Tatu, wapeni heshima wakiwa hai. Nimehudhuria mazishi ya wanafunzi wangu ambapo wasifu unasomwa watu wanashangaa kumbe alifanya yote haya.

Mwaisa_wa_Kiwira

Shikamoo mwalimu. Hili la kuhitimu na kusoma sisi wala halikutupitia kichwani, kwenye fomu yetu imeandikwa "mhitimu" kila mahali. Naibadilisha leo. Ila nina swali, akija mama kama huyo tukasoma habari zake mbele ya wanafunzi hatutakuwa tunamtonesha?

mwl_mstaafu

Marahaba. Muulizeni yeye. Nendeni kwake watu wawili, mmoja awe mama, kaeni mumsikilize anataka nini kisemwe na nini kiachwe. Akisema msitaje sababu ya kuondoka shule basi msiitaje, tajeni cherehani na wasichana aliowafundisha. Habari ni yake.

Nesi_wa_Zamu

Mwalimu kaongea jambo kubwa na hata kwa huyo mkunga iwe hivohivo. Mimi ni muuguzi, nipo hospitali Mbeya mjini, zamani nilikuwa zahanati kijijini kwa hiyo nayajua hayo maisha.

Msimfanyie sapraizi. Zahanati nyingi za kijijini watumishi ni wawili watatu, akiondoka yeye jumamosi nzima anaweza akawa hayupo mtu wa kuzalisha. Ongeeni mapema na mganga mfawidhi wake, na ikibidi barua iende kwa mganga mkuu wa wilaya ili siku hiyo apelekwe mtu wa kumshikia zamu. Mkimwita bila hayo atakataa, na nyie mtasema anaringa kumbe ana mama wawili wanasubiri siku zao.

Alafu mtu akiandika wasifu wake asiende kukusanya hadithi za akina mama aliowazalisha na majina yao. Siri za mgonjwa ni za mgonjwa hata kama kijiji kizima kinajua. Andikeni aliko, kazi anayofanya, barabara ilivyo, uhamisho aliokataa na kwa nini alikataa kama yuko tayari kusema. Hiyo inatosha kabisa na inagusa.

Na usafiri wake mlipe nyie. Mkurugenzi anakuja na gari lake, huyu atatoka kule juu kwa bodaboda kwa hela yake ya mfukoni, hapo mtakuwa mmemuenzi vipi?

Fundi_Mafinga

Mimi niguse hela maana hapo ndipo mambo haya yanapofia.

Msichanganye tuzo na harambee. Nimekuwa kwenye kamati ya shule moja, siitaji, waliamua kimyakimya kwamba wanaoenziwa wawe ni wale wenye uwezo wa kuchangia. Siku ikafika, kila aliyepanda jukwaani baada ya kuvishwa shada anaulizwa kwenye kipaza sauti "unatuachia nini?" Mtu kashikwa mbele za watu, anataja kiasi, watoto wanapiga makofi. Ahadi zilikuwa za mabati, za kompyuta, za kisima. Zilizokuja ni chache sana na wengine hawajakanyaga tena pale shuleni, hata simu hawapokei. Mwalimu mmoja mstaafu ambaye nusu ya wale wageni wamepita mikononi mwake hakuitwa kwa sababu hana kitu, alikuwa amekaa na wazazi. Mimi nililia aisee.

Tenganisheni. Siku ya kuenzi isiwe na bahasha wala kipaza sauti cha ahadi. Mwenye moyo mtamfuata baadaye kwa utulivu, mnamuonesha mahitaji ya shule, na mchango ukitoka upitie kwa mkuu wa shule na bodi, ulipwe kwa namba ya malipo ya shule ili risiti iwepo. Msiweke kwenye simu ya mtu hata kama ni mlokole.

Na hilo grupu lenu kama mnataka liendelee miaka na miaka lisajilini kama chama, mnaandika katiba, mnapeleka kwa Msajili wa Vyama wizara ya mambo ya ndani, mkishapata cheti ndio mnafungua akaunti ya benki yenye waweka saini watatu. Bila hivyo mtunza hazina akihama au akifariki mnaanza kugombana na familia yake.

Mimi ni seremala, nimesoma Ifunda. Kama ni zawadi ya kuwapa wanaoenziwa, achaneni na yale makombe ya plastiki ya dukani. Mbao ya mninga au hata mkaratusi uliokauka vizuri, unachonga jina na mwaka aliosoma, inakaa miaka. Na ukutani shuleni wekeni ubao wa majina wenye nafasi ya kuongeza kila mwaka, upigwe vanishi mara mbili kwa sababu ya unyevu wa huko kwenu.

Nipo_Ughaibuni

Nimesoma Iyunga, sasaivi naishi Marekani. Niseme kidogo tu huku wanavyofanya maana watoto wangu wapo hai skuli na shule yao ina utaratibu huu kila mwaka.

Mtu yeyote anaweza kupendekeza jina, mzazi, jirani, mwalimu, ila lazima aandike kwa maneno yake mtu huyu kafanya nini na nani kafaidika. Kamati inakuwa na mchanganyiko na aliyemo kwenye kamati hawezi kupendekezwa mwaka huo. Lazima uwe umetoka shule miaka kadhaa, ili waangalie kazi iliyodumu. Wanachagua wachache sana kila mwaka, na wanaweka picha kwenye korido na maelezo mafupi. Nilichokipenda zaidi ni kwamba siku ile wageni wanaingia madarasani asubuhi kabla ya hafla, wanakaa na wanafunzi wachache wachache. Kwenye korido utakuta picha ya daktari bingwa imekaa pembeni ya dereva wa gari la zimamoto wa kujitolea, ukubwa uleule wa picha, fremu ileile.

Wachache ni muhimu. Mkiwaenzi ishirini kwa siku moja hakuna atakayekumbukwa.

Mnyalukolo_Halisi

Naunga mkono la kuingia madarasani. Na wanafunzi wapewe nafasi ya kupendekeza, wao wanajua kijijini kwao nani alisoma pale na nani anasaidia watu, nyie wa Dar na Dodoma hamuwezi kujua.

Kuhusu tarehe, kama hedimasta hajafunga, msiweke mwezi wa 10, fomu foo wanakuwa wamebanwa na maandalizi ya mtihani wa mwezi wa 11 na mahafali yao yanakula siku. Angalieni jumamosi ya karibu na Nane Nane. Watu wengi wanakuja Mbeya kwa ajili ya maonesho pale viwanja vya John Mwakangale Uyole, kutoka hapo mpaka Tukuyu ni safari fupi, mvua imepumzika, shule imefunguliwa tayari. Baridi tu waambieni waje na masweta.

Mwaisa_wa_Kiwira

Wakuu nimerudi. Nimeshea huu uzi kwenye grupu na watu wamesoma, yule aliyeuliza ataonesha nini kanipigia simu jana usiku tumeongea vizuri, amesema yeye atamlipia mkunga gari la kwenda na kurudi.

Tulipofikia ni hivi. Hedimasta kakubali kusogeza iwe jumamosi inayofuata baada ya Nane Nane. Tunaenzi watano tu. Fomu ya kupendekeza itabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule na ofisi za vijiji vinavyozunguka, mwanafunzi anaruhusiwa kujaza, neno ni "aliyesoma". Mkurugenzi na afisa wa jeshi nao majina yao yataingia kwenye fomu kama wengine, watapimwa kwa swali lilelile, nani kafaidika na kazi yako nje ya ofisi yako. Nadhani yule afisa atapita maana kuna kisima amechimba kijijini kwao wala hakutangaza, nimekijua juzi. Hela hakuna kutajwa siku hiyo. Wiki ijayo mimi na mama mmoja wa kamati tunaanza kukaa na daftari pale ofisini.

Kilichobaki sijapata jibu ni walimu. Kuna walimu wametufundisha miaka mingi hawakusoma pale wenyewe, na kuna mpishi wetu wa zamani bado yupo hai. Waingie kwenye hao watano au wawe na nafasi yao?

mwl_mstaafu

Nafasi yao peke yao. Hao watano ni wa wanafunzi, msiwapunguzie. Mpishi na walimu wakalishwe meza kuu, na wale watano kila mmoja kabla hajapokea ubao wake aende kwanza kuwapa shikamoo mbele ya watoto. Haigharimu kitu.

Fundi_Mafinga

Sahihi mwalimu. Mleta mada majina yakipatikana niandikie inboksi, mbao za hao watano nachonga mimi, za walimu na mpishi pia, nyie mtalipa nauli ya basi tu kutoka Mafinga.

Binti_Makete

Na mpishi mpeni dakika zake aseme. Anajua mambo ya shule hiyo ambayo hayamo hata kwenye daftari.